Forodhani ni jioni, si mchana

Umeuliza kama kundi lenu linaweza kwenda kula Forodhani, ile bustani ya ufukweni Mji Mkongwe, Zanzibar, saa nane mchana. Hapana, mkifika saa hiyo hamtakuta chakula. Mtakuta bustani tu na vijana wakijirusha baharini. Wapishi huanza kupanga meza jua likikaribia kuzama, na ikifika saa moja usiku taa zimewaka, moshi wa mishkaki umetanda, miwa inakamuliwa kwa ndimu na tangawizi. Nimepeleka wageni pale mara nyingi.

Mchana tembeeni Mji Mkongwe: kanisa la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa (msiliruke, tafadhali, na mshuke hadi vile vyumba vya chini vilivyo jirani yake), kisha soko la Darajani, mmalizie Ngome Kongwe. Kutoka hapo mnavuka barabara tu, mko Forodhani. Beit al-Ajaib, jumba la kale la masultani lililo jirani na hapo, msitegemee kuingia, sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020.

Samaki ulizeni bei kabla hajawekwa jikoni. Na kama ni Ramadhani, migahawa mingi hufungwa mchana, Forodhani huchangamka baada ya futari.