Usichukue hiyo stendi ya kamera, mkuu: ikizama, leza haitakuambia

Mkuu, iache dukani. Umeandika kwamba una leza ya mistari ya kijani, kile kifaa kinachopiga mistari ya mwanga kuonesha usawa, kiwanja chako ni cha mteremko kule Tukuyu, Jumamosi unamwaga zege la msingi, na muuza duka wa Mwanjelwa amekuwekea stendi ya alumini ya kamera akisema "leza inajisawazisha yenyewe, stendi yoyote inabeba." Umeuliza pia kuhusu risiva, yaani kifaa cha kunasa mstari wa leza, na urefu wa stendi. Tuanze na hayo maneno ya muuza duka, maana ndiyo yatakayokubomolea nyumba.

Na mimi niliuziwa maneno hayo hayo. Yalinigharimu kozi 2 za bloku. Kinachoniudhi ni kwamba nusu yake ni kweli, ndiyo maana mtu unayameza. Ndani ya leza yako kuna pendulumu inayoning'inia, na kesi, yaani gamba la leza, ikiinama kidogo, kwa leza nyingi za mistari hadi nyuzi 4, pendulumu inarudisha mstari kwenye mlalo. Lakini mlalo ndio kitu pekee inachokijua. Kimo haikijui. Stendi ikishuka, mstari unashuka nayo, umelala vizuri kabisa, na hakuna taa wala mlio wa kukuonya.

Chukua hesabu yake. Miguu imesimama pembetatu, mita 1 kati ya mguu na mguu. Kutoka mguu mmoja hadi mstari unaounganisha miwili iliyobaki ni kama sentimita 87. Mguu huo mmoja ukizama milimita 9, kichwa cha stendi kinashuka theluthi yake, yaani milimita 3, na stendi inainama nusu ya nyuzi na ushee. Kwa leza hilo si kitu, inajirudisha. Ili mwinamo ufike nyuzi 4 na mstari uanze kuwaka na kuzima, mguu huo lazima uzame kama sentimita 6, na hapo kichwa kimeshashuka sentimita 2. Miguu yote 3 ikizama sawasawa ndiyo mbaya zaidi: hata ikizama futi nzima, leza itakaa kimya.

Sasa ipeleke hiyo sentimita 2 kwenye msingi. Vigingi vya asubuhi vimepimwa mstari ukiwa juu, vya saa 8 mchana mstari umeshashuka. Unamwaga zege kwa kufuata vigingi, kona moja inakuwa juu ya nyingine, na kila kona ukiirudia kwa leza siku nyingine unajilaumu mkono wakati kosa lilikuwa chini ya miguu. Fundi atajaribu kuificha kwenye udongo wa saruji wa kozi ya kwanza: upande huu unene wa sentimita 1, upande ule 3. Bomba la maji taka nalo, ukililaza kwa mteremko wa 1 kwa 40, linataka sentimita 2 na nusu kila mita. Sentimita 2 zikipotea ndani ya mita ya kwanza toka chemba, maji yamesimama.

Na udongo wa huko kwenu wilaya ya Rungwe unajulikana. Ni majivu ya volkano, mwepesi, unabonyea, unashika maji, na mvua yenu inaanza Novemba hadi Mei. Ile stendi ya kamera ina vifuniko vya mpira miguuni, bapa, na yenyewe ni nyepesi mno. Mpira haupenyi udongo. Unakaa juu ya tope la juu, na kila fundi anayepita na toroli karibu yake anausukuma chini kidogo. Katikati kuna mlingoti wa kupandisha kwa mkono. Ukishaupandisha sentimita 30 unacheza kama fimbo ya kuvulia samaki, na kwa upepo kama ule wa Makambako mstari unatetemeka ukutani hata usijue uweke penseli wapi.

Stendi unayotaka ni ile ya ujenzi, ile ambayo masavea wanawekea dampi, darubini yao ya kupimia usawa. Kichwa bapa cha chuma au alumini nene. Skrubu ya katikati ya inchi 5/8, nene kama milimita 16, meno 11 kwa inchi. Ya kamera ni robo inchi, milimita 6 tu, meno 20 kwa inchi. Geuza leza yako uangalie chini: nyingi zina matundu yote mawili. Kama yako ina robo inchi peke yake, nunua adapta ya shaba ya njano, usichukue ya plastiki, meno yake yanalika haraka. Na kagua urefu wa skrubu. Ikiwa ndefu kuliko tundu, inagonga mwisho kabla kesi haijabanwa, na ukilazimisha unapasua kesi.

Miguuni kuwe na ncha za chuma, na juu ya kila ncha kipande cha kukanyagia. Bila hicho cha kukanyagia, ncha ni mapambo.

Nenda dukani na leza yako mwenyewe. Ifunge kwenye stendi, elekeza mstari ukutani umbali wa mita 5 au 10, weka alama ya penseli. Shika kichwa cha stendi, kizungushe taratibu kwa nguvu ya vidole, uachie. Mstari wa wima urudi pale pale ulipokuwa. Ukirudi pembeni ya alama, maungio yamelegea. Kaza boliti za juu kwa spana, ujaribu tena, na ukikataa mara ya pili iache hapo hapo. Kisha inyanyue stendi miguu ikiwa imetanuliwa: miguu inapaswa kushuka polepole na kushikilia, isianguke kama ya kuku aliyechinjwa.

Kiwanjani, kwenye mteremko, miguu 2 iwe upande wa bondeni na 1 upande wa juu. Kanyaga kila mguu kwa uzito wako wote, ukifuata mwelekeo wa mguu wenyewe, si kwa kusukuma wima. Pale ambapo ncha inaendelea kuzama hata ukikanyaga mara ya 3, pigilia vigingi 3 vya mbao za paini, inchi 2 kwa 2, urefu wa nusu mita, hadi nyundo igome. Toboa kwa msumari juu ya kila kigingi, tia ncha humo. Juu ya jamvi (sakafu ya zege) au marumaru mambo yanageuka, ncha zinateleza, hivyo funga miguu kwa kamba au weka fremu ya mbao ya pembetatu.

Hata ukiwa na stendi nzuri kuliko zote, usipime bila alama. Piga msumari kwenye ukuta wa jirani uliokauka, au kwenye kigingi kilichozungushiwa zege, mbali na mtaro na njia ya toroli. Kabla ya kigingi cha kwanza, pima kutoka kwenye msumari hadi kwenye mstari ulio juu yake, uandike, tuseme milimita 640. Kila nusu saa rudi usome. Rudi tena kabla ya kuihamisha stendi, na kabla ya kuzima. Ikisoma 637, leza imeshuka milimita 3, na vigingi vyote ulivyoweka tangu usomaji mzuri wa mwisho vinarudiwa. Vyote. Usikae kukisia kipi kilipona.

Stendi ndefu au fupi, chukua yoyote inayofika kifuani. Risiva kwa nje utaihitaji, mstari hauonekani juani.

Kama Jumamosi itafika hujapata stendi ya maana, weka leza ndani ya boksi utumie mpira wa maji. Mita 20, unaoonesha ndani. Jaza maji polepole kutoka ncha moja, inua na ugonge mpira hadi povu lote litoke, kisha weka ncha zote mbili pamoja kwenye ukuta mmoja: maji yakisimama kimo kimoja uko sawa, yakipishana kuna hewa imebaki mahali. Ncha moja ikae kwenye ule msumari, nyingine itembee kwenye vigingi, na asiwepo mtu wa kuukanyaga wakati unasoma.