Kabla ya Kupuliza Rangi ya Kuzuia Kutu kwenye Land Rover ya Zamani

Mtu akinunua Land Rover Series III iliyolala nyuma ya nyumba miaka nenda miaka rudi, swali lake la kwanza huwa la rangi ya juu. Iwe ile kijani ya zamani, au krimu? Mimi humwomba kwanza alale chali chini ya gari akiwa na bisibisi, aidungedunge chasisi. Bisibisi ikizama, hapo panataka kukatwa na kuchomelewa bati jipya. Hakuna rangi ya kuziba tundu.

Bodi ndiyo inayowadanganya wengi. Land Rover ilipozinduliwa mwaka 1948, chuma kilikuwa cha mgao Uingereza, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu, nayo haishiki kutu nyekundu. Lakini chasisi ni chuma, na ukuta ulio kati ya injini na abiria ni chuma pia. Udongo mwekundu wa barabara zetu hujikusanya kwenye pembe zake na kukaa na unyevu siku nyingi baada ya mvua. Tena aluminiamu ikigusana na chuma penye maji, inayoliwa ni aluminiamu: rangi huvimba, na ukiibandua unakuta unga mweupe.

Kazi kubwa ni kusafisha. Brashi ya waya inaondoa kutu iliyolegea, ila ina hila yake: husugua kutu iliyobaki mpaka ing'ae, ukadhani umefika kwenye chuma. Pitisha msasa namba 80, utaona madoa meusi ndani ya vishimo. Hapo ndipo pa kutumia dawa yenye asidi ya fosforiki. Soma maelekezo ya kopo, kwa sababu dawa nyingine lazima zioshwe na chuma kikaushwe kabisa. Asidi ikibaki, prayma ya epoksi (rangi ya kwanza inayoshika chuma) haishiki vizuri. Mwisho futa kwa kisafishaji cha mafuta kinachouzwa na wauza rangi. Petroli najua ndiyo iliyo karibu katika kila gereji kuanzia Katwe hadi Jinja, lakini huacha utando wa mafuta.

Prayma yenye zinki nyingi ni nzuri sana kwenye maungio yaliyochomelewa, kwa kuwa zinki hukubali kuliwa badala ya chuma. Sharti lake moja: iguse chuma kitupu. Ukiipuliza juu ya kutu au rangi ya zamani umetupa pesa. Sehemu nyingine zote mimi napendelea epoksi ya kuchanganya na hadna (dawa ya kugandisha rangi), maana inaziba unyevu na inashika hata aluminiamu iliyopigwa msasa. Usiiache juani bila rangi ya juu, kwani jua huifanya ichujuke na kutoa unga.

Kuhusu hali ya hewa nina msimamo mkali. Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, chomelea, nyoosha bodi, tafuta spea soko la Kisekka jijini Kampala, ila rangi isubiri. Hata wakati wa kiangazi usianze alfajiri: chuma bado ni baridi na kina umande usioonekana. Joto la bati liwe juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo umande huanza kutunga, kwa angalau nyuzi 3 za Selsiasi. Mimi huanza saa nne asubuhi na kumaliza kabla mawingu ya alasiri hayajajikusanya.

Kompresa nayo hutengeneza maji. Fungua koki ya chini ya tangi kabla ya kazi, funga kichujio cha maji kwenye mpira wa hewa, kisha puliza hewa tupu juu ya kioo. Ukiona matone, usiweke rangi. Kupuliza kwenyewe ni mkono tu: umbali wa sentimita 15 hadi 20, kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia, tabaka jembamba la rangi, subiri kama kopo linavyosema, kisha jingine.

Hadna za rangi nyingi za juu zina isosayaneti, kemikali ambazo huweza kukuletea pumu ya maisha. Barakoa ya kitambaa ni pambo tu. Kinachofaa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Kama huna, mlipe fundi mwenye nayo.

Kisha kuna ndani ya chasisi, ambako kutu huanzia na bunduki ya rangi haifiki. Huko nyunyiza nta ya kuzuia kutu kwa mpira mrefu wenye ncha inayotawanya, ukiupitisha kwenye matundu yaliyopo. Ifanye baada ya rangi yote kukauka, kwa sababu nta ikigusa bati lisilopakwa, rangi haitashika hapo. Iache ichuruzike usiku kucha, na asubuhi chokoa kwa waya kila tundu la kutolea maji ili lisibaki limezibwa na nta.