Kabla ya kusaini, uliza nani atalipa mwaka wa tatu

Nilipoingia kwenye timu ya kujenga mifumo ya kidijitali ya taasisi moja ya umma, nilidhani ugumu utakuwa kwenye programu. Kumbe programu tuliziweza. Kilichotushinda ni namna fedha zilivyokuja.

Mfumo wetu wa kwanza ulilipiwa na fungu la maendeleo: kiasi kimoja, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza. Ukajengwa, ukazinduliwa kwa mbwembwe. Mkataba ulipoisha, mkandarasi akaondoka na vijana wake wote walioujua undani wake. Leseni, seva na mafundi wa kurekebisha hitilafu sasa vilitakiwa kubebwa na bajeti ya matumizi ya kawaida, na huko hakuna aliyevitengea hata senti. Miezi minane baadaye viwango vya ada vikabadilika. Tulihitaji kurekebisha fomu moja tu, lakini hatukuwa na kifungu cha kulipia kazi hiyo. Watumishi wakarudi kwenye karatasi huku mfumo ukiwa hewani, hauna mtu.

Kwa hiyo siku hizi swali langu la kwanza kikaoni ni nani atalipa mwaka wa tatu. Nikijibiwa “tutaangalia”, naandika hapana.

Bajeti ya mwaka mmoja nayo ina vituko vyake. Fedha isiyotumika inarudi hazina, basi wiki za mwisho za mwaka wa fedha kila mtu ananunua. Nimewahi kupokea seva ambazo hatukuwa tumeamua zitafanya kazi gani.

Ukiweza, omba fedha itoke kwa awamu, kila awamu ikisubiri kitu kinachofanya kazi, si ripoti. Marekani walianzisha mfuko wa namna hiyo kwa sheria ya mwaka 2017: taasisi ipewe kidogo kidogo kadiri inavyofikia hatua zilizokubaliwa. Uingereza walipita njia nyingine na mpango mkubwa wa teknolojia ya afya ulioanza 2002. Mikataba mikubwa ya miaka mingi ilifungwa mapema, na mwaka 2011 serikali ikatangaza kuuvunja.

Wafadhili? Wanalipia ujenzi, mara chache mishahara. Panga hivyo.

Mfumo unaolipwa kwa kila muamala ndio unaoniogopesha zaidi, kwa sababu unaonekana wa bure. Mkandarasi anajenga kwa fedha zake, kisha anakata sehemu ya kila malipo ya mwananchi. Huduma zenye ada zitang'arishwa. Ukurasa wa malalamiko, usioingiza kitu, utasubiri sana. Soma kwanza kifungu cha nani anamiliki data na msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, mkataba ukivunjika.

Na kama bajeti imeshapitishwa na huwezi kuigusa, punguza mfumo wenyewe. Mradi wangu wa mwisho niliukata moduli mbili, yaani sehemu mbili za mfumo, fedha yake ikalipia mafundi wawili wa kubaki nao. Mkubwa wangu alinuna wiki nzima. Moduli hizo hadi leo hakuna aliyeziulizia.