Pesa za msimu zinakwenda wapi? Shangazi anajibu

Barua za safari hii nyingi zinalia kilio kimoja, mtu anajua kabisa kuwa inabidi aweke akiba lakini hamu hana, anaanza vizuri wiki mbili tatu halafu anaacha. Nimechukua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu mana najua nyumba nyingi za pwani ya mashariki ya Unguja zinaishi hivohivo.

Assalam alaykum Shangazi. Mie mama wa watoto watatu, nipo Jambiani. Mume wangu anafanya kazi hoteli, jikoni, na mie asubuhi nauza vitumbua na chapati hapa nje kwetu. Sizeni ikiwa nzuri tunakula tunavaa mpaka jamaa wa shamba tunawapa nauli. Ikifika masika hoteli inapunguza watu, anarudi nyumbani miezi miwili bila mshahara, hapo ndo tunaanza kukopa dukani, na wageni wakirudi mwezi wa saba kazi yetu kulipa madeni tu. Kila mwaka nasema mwaka huu naweka. Kibubu ninacho lakini nshakivunja sijui mara ngapi. Mume wangu sijui anapata kiasi gani na yeye hajui mie napata kiasi gani. Saivi hata hamu sina, naona bora tule zikiwepo. Nifanyeje?
*Mama wa watatu, Jambiani*

Waalaykum salaam mwanangu. Kwanza usijione mvivu, mtu anaeamka usiku kusaga mchele wa vitumbua si mvivu. Hamu unayoitafuta hutoipata kwa kukaa unaisubiri, itakuja ukishaiona pesa imesimama mahali na unajua ya nini. Kibubu chako kinavunjwa kwa sababu pesa iliyomo haina jina. Leo mtoto kaumwa, kesho kuna harusi na mmeambiwa kijora cha sare, keshokutwa wifi kaomba, na kila jambo lina haki yake kwa hiyo pesa mana haijawekewa kazi nyengine. Sasa mwaka huu ipe jina moja tu, iite pesa ya masika. Usichanganye na ya nyumba, usichanganye na ya Hija, hizo zitakuja kwa wakati wake inshaallah. Hii ni ya kula mwezi wa nne na wa tano, basi.

Sasa tupige hesabu. Hukunambia mnatumia kiasi gani kwa siku, mie nikadirie elfu 12, mchele, kitoweo, mafuta, mkate wa asubuhi, wewe utaweka yako. Siku 60 mara elfu 12 ni 720,000. Wageni wanakuwepo kwa wingi kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi, halafu tena kuanzia wa kumi na mbili mpaka wa pili, hiyo ni miezi saba. Gawa, inakuja kama laki moja na elfu tatu kwa mwezi. Ukitoa elfu 3 kila siku unayouza vitumbua, na tuseme unauza siku 26 kwa mwezi, ishafika 78,000. Imebaki 25,000, na hiyo mume wako akitoa kwenye tipu tu hata mshahara haujaguswa. Umeona? Deni linalowala miezi mitatu kila mwaka ni elfu 3 ya asubuhi na tipu za siku chache. Mie nikiiona hesabu kama hii moyo unatulia, na naamini na wako utatulia ukiiandika kwa mkono wako mwenyewe.

Kuna jambo jengine watu hawaliangalii, kalenda. Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na miaka hii inaangukia mwezi wa pili na wa tatu. Mana yake Idi inakuja mlangoni kabisa mwa masika. Na Idi yetu unaijua, sikukuu ni siku nne, watoto wanataka nguo ya kila siku na pesa ya kiwanjani, na kabla yake futari mwezi mzima, tambi, tende, sukari, na kila nyumba inapeleka sahani kwa jirani. Kwa hiyo mshahara wa mwisho mzuri unaliwa na Idi halafu hoteli inasema nendeni nyumbani. Mie sisemi watoto wasivae, hapana, furaha ya mtoto siku ya Idi haina bei. Nasema nguo za Idi nunua mwezi wa kumi na mbili au wa kwanza, kidogo kidogo, kabla bei ya soko la Darajani haijapanda na kabla presha haijaingia, na hiyo nayo iwe na bahasha yake mbali. Ila mwezi wa kwanza una yunifomu na madaftari ya skuli, kwa hiyo usilete vyote pamoja.

Haya, tuje kwa baba watoto, mana hapa ndo pagumu. Kisheria ya dini yetu kulisha nyumba ni juu ya mume na pesa yako ni yako, hakuna anaeweza kukulazimisha uitoe, na ukitoa ni ihsani yako na una ajri. Hilo lijue na lisimame. Lakini mwanangu, nyumba ambayo kila mmoja anaficha, wote wawili wanakopa dukani kwa daftari moja. Si lazima umuulize mshahara wake kwa shilingi, wanaume wengine wakiulizwa hivo wanajifunga kabisa. Muulize kitu kinachowahusu nyote wawili. Siku yake ya ofu, ameshakula, watoto wamelala, mwambie, "Baba watoto, mwezi wa nne unakuja, mwaka jana deni la duka tulimalizia mwezi wa tisa, mie naumia ukipita pale dukani unainamisha macho. Nimepiga hesabu, nataka unisaidie kuiangalia." Mpe karatasi aisome. Usimlaumu, usitaje ya mwaka juzi, usimfananishe na mume wa mtu. Mwanamme akiona mke kaleta hesabu na kaweka na fungu lake mezani, mara nyingi na yeye anataka kuonekana. Na akikataa siku ya kwanza nyamaza, anza na elfu 3 zako, atakuuliza mwenyewe akiona.

Pesa yenyewe isikae ndani. Tafuteni kikundi cha hisa hapo kijijini, watu wanaoweka akiba pamoja na kukopeshana, najua ukanda wa kusini vipo. Vikundi hivi vilianzia Niger mwaka 1991 kwa kusaidiwa na shirika la CARE, vikaenea Afrika nzima, na utaratibu wake umejengwa kwa ajili ya watu wanaovunja vibubu: sanduku lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti, wala mwenye sanduku hana funguo. Mnakutana kila wiki, unanunua hisa mbele ya macho ya wenzako, wanajua hukuja, wanakuuliza. Hiyo aibu nzuri ya kuulizwa ndo inayokutoa nyumbani siku ambayo hamu hakuna. Ombeni mgao wa mwaka, siku ya kugawana akiba, uangukie mwisho wa mwezi wa tatu na si mwezi wa kumi na mbili kama wanavofanya wengi, kwenu nyie njaa inakuja na masika.

Shkamoo Shangazi. Mie kijana wa miaka 26, Wete. Msimu uliopita mzee alitugaia watoto fungu la karafuu, tukauza ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, nikapata milioni moja na laki nne. Nikanunua simu, nikaenda Unguja kutembea, rafiki zangu nikawasaidia, miezi mitatu imekwisha yote. Sasa nataka kuoa na nipo tu nasubiri msimu mwengine. Moyo wa kuweka nitaupata wapi?
*Msubiri vuno, Wete*

Marahaba mwanangu. Mikarafuu haizai sawa kila mwaka, hilo ulizaliwa ukalikuta, mwaka mmoja imejaa mpaka matawi yanavunjika, unaofuata imepumzika. Kwa hiyo ile milioni na laki nne haikuwa pesa ya msimu mmoja, ilikuwa ya mpaka zitapojaa tena, na wewe umeila kwa miezi mitatu. Na Pemba wakati wa karafuu kila mtu anajua nani kauza, usitegemee moyo wako kukataa kila anaekuja.

Msimu ukija pesa isilale mfukoni. Wiki ileile uliyolipwa lipa unaodaiwa, halafu fungu la ndoa lifanye kitu kisichoweza kukopeshwa barazani, tofali, mabati, mbao za mlango, wazee wetu wengi nyumba zao wamezijenga hivohivo, msimu kwa msimu. Kinachobaki kipeleke benki. PBZ, Benki ya Watu wa Zanzibar, ipo tangu 1966 na ina matawi huko huko Pemba, na ukitaka akaunti isiyo na riba kuna huduma yao ya PBZ Ikhlas. Hapa katikati usikae. Mihogo, ndizi, kibarua cha kuchuma kwa pishi kwenye shamba la mtu, chochote kinachokupa matumizi ya wiki ili ya karafuu isiguswe. Na nakuomba sana, usije ukauza karafuu zikiwa bado juu ya mti hazijakomaa kwa sababu una haraka ya mahari. Dini imekataza kuuza tunda kabla halijabainika, na anaenunua hivo anakupa bei ya shida yako. Mchumba anaekutaka atasubiri ukimuonesha tofali.

Shangazi, nauza nguo Mwanakwerekwe, nipo kwenye kikundi cha hisa na anaekopa anarudisha na ziada. Mume wangu kasema hiyo riba nitoke. Nikitoka najijua, sitoweka tena hata shilingi.
*Muuza nguo, Mwanakwerekwe*

Mumeo ana hoja, na wewe una hoja. Usitoke kimyakimya, kwanza lipeleke kwenye kikao, utashangaa wangapi linawakera moyoni na hawajasema. Kikundi kinaweza kukopeshana bila ziada, mtu akakopa laki akarudisha laki, na mkabaki na mfuko mdogo wa maradhi na mazishi ambao kila mmoja anachangia sawa. Wakikataa, anzisha upatu na majirani wa sokoni. Watu kumi, elfu kumi kila wiki, kila mmoja anatoa laki na anapokea laki, hakuna kilichozidi, ila zamu za mwanzo wapewe wenye biashara ya kudumu pale, anaehamahama akae mwisho. Na kwa vile wewe huna mwajiri wa kukukatia, nenda ofisi za ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, uulizie mfuko wao wa hiari wa watu waliojiajiri, waulize pia pesa inawekezwa wapi ili mumeo aridhike, na siku ya kwenda mchukue mkasikilize pamoja.