Gari la kwanza, gari kuukuu: ipi ni tabia na upi ni ugonjwa?

SWALI: Nimenunua Toyota Carina Ti ya 1995, gari langu la kwanza, na nalipenda mno. Kwenye tambarare mshale wa joto unalala chini kabisa, lakini nikipanda kilima cha Bugando hapa Mwanza kwenye foleni unakaribia alama nyekundu. Fundi alishatoa thamostati, anasema huku kwetu kwenye joto haina kazi. Ni kweli?
Msomaji, Igoma

JIBU: Si kweli. Irudishe. Thamostati ni kilango kidogo cha maji kinachofunguka kwa joto, na ndiyo inayoishikilia injini kwenye joto lake la kazi. Ikitolewa, maji hupita kwenye rejeta muda wote, injini haipati moto vizuri, na kompyuta yake hudhani bado ndiyo kwanza imewashwa, hivyo huendelea kuongeza petroli. Plagi hutoka nyeusi kwa masizi na oili huchakaa kabla ya wakati. Nunua ya nyuzi 82. Kabla ya kuifunga, ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni: maji yakichemka, mdomo wake uwe umefunguka milimita 8 au zaidi. Wakati wa kuifunga, kile kipini kidogo kinachochezacheza ukingoni kiwe upande wa juu. Hapo ndipo hewa inapotokea, na hewa ikinaswa ndani, gari litachemsha hata kama rejeta imejaa pomoni.

Kisha utafute ugonjwa wenyewe, maana kutoa thamostati kuliuficha tu. Anza na kifuniko cha rejeta. Mwanza ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya wazi hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kifuniko kizima chenye alama ya 0.9 hubana presha na kukisogeza kiwango hicho kupita nyuzi 115. Mpira wake ukishakakamaa au kupasuka, kinga hiyo yote imekwenda, nayo ni spea rahisi.

Baada ya hapo, feni. Injini ikiwa baridi na AC imezimwa, fungua swichi ya ufunguo bila kupiga stati, kisha chomoa soketi ya swichi ya joto ya feni. Kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo feni inatakiwa kuzunguka papo hapo. Ikigoma, kagua fyuzi, halafu relei (swichi ya umeme inayoiwasha feni), halafu mota yenyewe.

Mulika tochi kwenye rejeta kwa mbele. Wale wadudu wa ziwani wanaojazana kwenye taa usiku hunasa kwenye mapezi yake (vile vibati vyembamba) na kugandamana na vumbi hadi hewa haipiti. Wasafishe kwa maji ya bomba ya kawaida, ukimwagia kutoka upande wa injini kuja mbele. Mashine ya presha hulaza mapezi. Tazama na tangi la plastiki la juu: weusi wake ukishageuka kahawia, na kwenye kiungio chake na alumini kuna mstari wa maji yaliyokauka, libadilishe sasa, usisubiri lipasukie njiani. Jaza koolanti (dawa ya maji ya rejeta) nusu kwa nusu na maji safi. Ya kisima huacha magadi ndani.

Likichemsha barabarani, zima AC, fungua hita hadi mwisho, egesha, zima injini. Usiguse kifuniko mpaka uweze kuuminya mpira wa maji wa juu wa rejeta ukaona umelegea. Na usimwage maji baridi kwenye injini yenye moto: silinda hedi, ile sehemu ya juu ya injini, itapinda.

SWALI: Starlet yangu hutoa moshi wa bluu kila asubuhi, kisha unaisha. Nimeambiwa nifungue injini.
Msomaji, Nyegezi

JIBU: Usifungue bado. Moshi wa dakika moja asubuhi kwa kawaida ni sili za valvu, vile vimpira vinavyozuia oili isiingie kwenye silinda: zimekakamaa, oili inadondoka usiku kucha. Hiyo ni tabia ya umri. Pima ulaji wake. Jaza oili hadi alama ya juu ya kijiti, tembea kilomita 1,000, kisha rudishia kwa chupa yenye vipimo. Chini ya nusu lita, endelea nalo kwa amani. Ikifika lita nzima, linahitaji matengenezo. Sili hubadilishwa bila kushusha hedi, fundi akijaza upepo kwenye silinda kupitia tundu la plagi ili valvu zisianguke. Lakini moshi ukitoka kila unapokanyaga mafuta, shuku pistoni ringi, zile pete zinazoizunguka pistoni.

SWALI: Naweza kuoshea gari ufukweni?
Msomaji, Kirumba

JIBU: Hapana, tafadhali. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na maji ya kunywa ya mji huu yanavutwa kutoka ziwa hilo hilo. Osha nyumbani, ukikazania matope yaliyojificha ndani ya bodi juu ya magurudumu ya nyuma, na vitundu vilivyo chini ya milango. Vizibue kwa kijiti cha mti. Ukifunga mlango ukasikia maji yanacheza ndani, kimoja bado kimeziba, na kutu itaanzia hapo.