Magunia mia tano kasoro matatu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Natunza ghala la ufuta hapa Lindi. Mzigo ulitakiwa uwe magunia 500, tukapata 497. Nikamwandikia mnunuzi kwa Kiingereza: "The cargo has a defect of three bags." Amenijibu kwa ukali, anataka picha za ufuta ulioharibika! Nimekosea wapi?
Mtunza ghala, Lindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeponzwa na kasoro. Sisi tunasema saa tatu kasorobo, tunasema mia tano kasoro tatu, halafu tunasema gari lina kasoro. Upungufu na ubovu tumevibebesha neno moja. Mwingereza amevitenga. "Defect" ni ubovu tu, kwa hiyo mnunuzi wako hakuwaza hesabu, aliwaza kuvu.

Ungeandika "We are three bags short." Idadi kwanza, "short" baadaye. Ukitaka kutaja na lengo: "three bags short of 500." Barua ikiwa ya kiofisi zaidi, "a shortfall of three bags." Lakini ukiondoa idadi ukaandika "We are short of bags", umesema jambo jingine kabisa: magunia yenyewe ni haba ghalani kwako.

Tena usije ukakimbilia "missing". Neno hilo liliniaibisha. Nikiwa mwalimu mgeni nilimwandikia mkuu wa shule kwamba "twelve exercise books are missing". Kumbe madaftari yalikuwa hayajaletwa tu. Mkuu akamwita mtunza stoo ajieleze, na mzee wa watu akaninunia muhula mzima. "Missing" ni kitu kilikuwapo, sasa hakionekani. "Short" haimnyooshei mtu kidole.

Usipotaka kutaja idadi kamili, "just under 500" inatosha. Wamarekani hupenda "just shy of 500"; ni tamu mdomoni, ila mimi nisingeiweka kwenye barua ya mzigo. Linalonitia hofu ni "barely". Wengi hudhani ni ndugu yake "nearly", na sivyo. "Nearly 500" haijafika. "Barely 500" imefika, hata kama kwa kuchechemea. Ukimwandikia hivyo atadai magunia yake yote 500, na utamjibu nini?

Na "a little shortage" waachie watoto. Sema "a slight shortage".

Sasa mtumie hii leo, kabla hajatafuta ufuta kwingine: "I am sorry, I used the wrong word. The sesame is in good condition. We are three bags short of the 500 you ordered, and they will follow on..." Siku ujaze mwenyewe, ila usiijaze kabla hujaliona lori.