Wazungu wa "kuokoa mizimu" kwenye boma la babu: mimi niliwahi kuwapeleka Old Moshi

Mleta uzi, pole. Nimesoma kurasa zote tatu na naona wachangiaji wamegawanyika kati ya "matapeli hao" na "kemea kwa jina la Yesu". Kwa wanaofika sasa hivi: jamaa anasema boma la babu yao huko uchagani, babu aliyekuwa mchili (msaidizi wa mangi, yaani chifu wa Kichagga) enzi za mamangi, halina utulivu. Wajukuu wakilala pale Desemba wanaota vibaya, wanasikia hatua. Binamu yake aliyeko Uingereza amepata watu wanaojiita waokoaji wa roho zilizokwama, wanaosema walishaifanya kazi hiyo kwenye kasri la zamani la wafalme, na wako tayari kuja Moshi wakikatiwa tiketi. Anauliza kama ni kweli au ni usanii.

Mkuu, mimi ni mwongoza watalii. Si mganga, si mchungaji. Ila watu wa aina hiyo nimewahi kuwabeba kwenye gari langu siku nne, mwaka 2018, na nilikosea jambo moja ambalo sitaki na wewe ulikosee.

Walikuwa watatu. Mama wa makamo mwenye kicheko cha kweli, mwenzake mwembamba asiyependa kuongea, na mzee mstaafu aliyebeba kinasa sauti muda wote. Tangu uwanja wa ndege wa KIA hadi mjini mama yule alinisimulia habari za Hampton Court, kasri lililo kando ya mto Thames, nje kidogo ya London ya katikati. Kardinali Wolsey alianza kulijenga 1515, baadaye likaishia mikononi mwa mfalme Henry wa Nane. Mke wake wa tano, Catherine Howard, aliwekwa kizuizini humo mwaka 1541 kwa kosa la uasherati, na inasimuliwa kwamba alichomoka kwa walinzi, akakimbia kwenye ushoroba akipiga kelele kumwita mumewe aliyekuwa kanisani. Wakamkamata, wakamrudisha. Februari 13, 1542 akakatwa kichwa, ila si pale, ni kwenye Mnara wa London. Ushoroba ule mpaka leo unaitwa wa mizimu, na kuna wageni hudai kusikia mwanamke analia.

Nikamuuliza, kwa adabu ya dereva anayesubiri malipo: mbona mzimu uko alikokimbia badala ya alikofia? Akasema roho hung'ang'ania pale ilipoumia. Sikubisha.

Baadaye nilisoma kwamba mwanasaikolojia mmoja, Richard Wiseman, aliwahi kuwazungusha mamia ya watalii ndani ya kasri hilo na kuwataka waeleze wanachohisi. Matokeo yakachapishwa 2003. Kweli kuna sehemu ambazo watu wengi walihisi kitu, hata wasiojua hadithi zake. Lakini sehemu hizo zilikwenda sambamba na mambo ya mahali penyewe, kama sumaku ya mahali. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Hawa wageni wangu walipokwenda kuifanya kazi yao kule kasrini hawakuwa na kibali chochote cha pekee. Walikata tiketi kama mtu yeyote, wakaketi kwenye benchi kama waliochoka, wakafumba macho. Kazi yenyewe ilivyo, mmoja anajifanya mlango: roho inaingia na kusema kwa mdomo wake. Mwenzake anazungumza nayo, anaieleza kwamba ilishakufa, maana wao wanaamini wengi waliokwama hawajui kama wamekufa. Kisha anaita jamaa za marehemu waje kumpokea, na kumwambia aende kwenye mwanga. Catherine hawakumpata. Walimpata kijana wa jikoni. Hilo lilinifanya niwapende kidogo, kwa sababu tapeli angempata malkia.

Na si jambo la juzi. Marekani kulikuwa na daktari Carl Wickland, zaidi ya miaka mia iliyopita, aliyekuwa akiwatia wagonjwa wake umeme ili roho ziwatoke na kuhamia kwa mkewe Anna, kisha anakaa kujadiliana nazo. Na Hugh Dowding, yule kamanda aliyeongoza ndege za kivita za Uingereza dhidi ya Wajerumani 1940, baada ya kustaafu alikuwa akishiriki vikao vya kuwaongoza marubani waliokufa. Ndio Waingereza hao hao ambao serikali yao ilituwekea Sheria ya Uchawi mwaka 1928, ambayo bado tunayo. Ila tuwatendee haki, na kwao walikamatana: Helen Duncan, mama wa kuita roho, alifungwa miezi tisa mwaka 1944 kwa sheria ya uchawi ya 1735. Siku hizi wengi wao hujikinga kwa maandishi. Kadi ya yule mama ilikuwa na mabawa ya dhahabu, na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama za dawa, imeandikwa kwamba huduma hii ni kwa burudani tu. Mwambie binamu yako asome kadi yao mpaka chini.

Watu wa Pwani wanaosoma hapa watakuwa wanacheka, maana wao jina wanalo siku nyingi. Anayepandwa na pepo huitwa kiti. Mganga anamuuliza pepo jina lake na anachotaka, wanaelewana. Tofauti ni kwamba pepo wa Pwani hudai uvumba, nguo, chano. Hawa wa Uingereza hawadai kitu. Wanataka kuambiwa tu kwamba wamekufa.

Sasa Old Moshi. Walikuwa wamesikia habari za Mangi Meli, chifu wa huko, na walitaka kwenda Tsuduni, penye mti ambao Wajerumani walimnyongea Machi 2, 1900, pamoja na wenzake 18, wakiwemo Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho. Waliniongezea dola 200 niwapangie. Hapa ndipo kosa langu. Nilipiga simu kwa kijana mmoja ninayemfahamu pale, nikamwambia naleta wageni watatu, basi. Sikumwambia wanakuja kufanya nini. Sikwenda kwa mzee yeyote. Na mimi ni mtoto wa hukohuko, sina pa kujitetea.

Tulipanda kupitia Kiboriloni asubuhi. Ukungu wa Julai ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba, majani yanadondosha maji. Mama akatoa mkobani waya mbili za shaba zilizopindwa kama herufi L, akashika moja kila mkono, akaanza kuuzunguka mti polepole. Waya zikapishana, kwao ni ishara kwamba roho ipo. Nilikuwa naangalia viganja vyake, na kila alipogeuka viliinama kidogo sana, kama mtu anayebeba sinia la chai asilimwage. Sidhani alikuwa anadanganya. Nadhani hakujiona.

Wakakaa kwenye viti vya plastiki tulivyoazima dukani. Yule mwembamba akafumba macho, pumzi ikawa nzito. Akaanza: kuna baridi, kuna kamba, kuna mtu mkubwa, jina lake linaanza na Me. Wakuu, jana yake nilikuwa nimewasimulia garini habari yote, tangu Meli alivyowapiga Wajerumani 1892 wakamwacha kamanda wao von Bülow amekufa, hadi kitanzi. Ningeshangaa angesema linaanza na Z.

Watu walikuwa wameshajaa, kama kumi na tano hivi, na watoto. Mama akaanza kuzungumza na hiyo roho kwa sauti ya huruma, na mimi natafsiri kwa wenyeji, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu. "Anamwambia vita vimekwisha. Anamwambia asiogope. Anamwambia Mangi aende kwa mwanga."

Bibi mmoja aliyekuwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani akauangusha chini.

"Wanampeleka Mangi kwa mwanga? Mwanga gani?"

Nikaona nimeharibu. Kwa Kiingereza ni neno zuri tu, la asubuhi. Kwetu mwanga ni yule anayezunguka uchi usiku wa manane nyuma ya nyumba yako. Nikapiga kelele, "Nuru, bibi! Nuru! Kwenye nuru!" Watoto wamekufa kwa kicheko, bibi haelewi, na mzee wa kinasa sauti ananiuliza kama roho imekasirika.

Ndipo akaja Meku (mzee wetu) mmoja na fimbo yake, aliyekuwa amesimama kwa mbali muda wote. Hakufoka. Akaniambia, "Kijana wangu, mwulize huyo mama. Yeye ni nani kwa Mangi?"

Nikauliza. Mama akajibu kwamba wote ni ndugu katika roho.

"Mwulize tena. Huko anakompeleka, anampeleka bila kichwa?"

Mama akanigeukia, hajaelewa. Hilo la kichwa nilikuwa sijawasimulia njiani, kwa sababu tulifika hotelini kabla sijamaliza. Na pale chini ya mti hakuna aliyewasimulia. Dakika ishirini za kuzungumza na Meli, na Meli hakutaja kwamba baada ya kunyongwa kichwa chake kinasadikiwa kukatwa na kupelekwa Ujerumani, na kwamba mjukuu wake, mzee Isaria Meli, alikuwa amekidai kwa miongo mingi. Ni sawa na mtu aje kwako nyumba imeungua, mkae mzungumze hali ya hewa.

Meku akawaeleza, mimi natafsiri, safari hii nachagua maneno. Kwamba zamani mtu mzima akifa alizikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, na baada ya muda mifupa ikifukuliwa, fuvu likawekwa chini ya masale, mmea wetu wa mila, palepale kihambani. Kwamba marehemu anakaa na watu wake. Kwetu wanaitwa warumu, ingawa ukivuka mto mmoja matamshi yanabadilika. Ukichinja unawakumbuka, ukipika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, unawamwagia kidogo. Wakisahauliwa wanasumbua, wakikumbukwa wanatulia. "Sasa huyu anataka kumfukuza," akasema. "Sisi tunataka arudi."

Ndani ya sentensi hiyo kuna jibu langu lote, lakini nimalizie.

Mimi nilitozwa. Mbuzi, na mbege ya kutosha watu waliokuwepo, na kabla ya hapo nilisimama mbele ya Meku na jani la sale mkononi kuomba msamaha, mwanaume mzima, wageni wangu wakipiga picha. Zile dola 200 ziliishia hapo na nyingine juu yake. Yule mama alipopewa kata alimimina kidogo chini kama alivyoonyeshwa, akanywa, akajifuta macho. Alilia kweli. "Aika mbe," yaani asante, akamwambia Meku, nilikuwa nimemfundisha. Wakashikana mikono.

Septemba 2023 ikatangazwa Berlin kwamba kati ya mafuvu ya huku kwetu waliyoyapima vinasaba, moja limeoana kabisa na ukoo wa Akida, aliyekuwa mtu wa karibu wa Meli. La Meli mwenyewe halikuwemo. Meku alikuwa ameshazikwa. Wiki hiyohiyo mama akanitumia ujumbe kutoka Uingereza kwamba ameona habari, na kwamba kikao chetu ndicho kilichofungua njia. Nikamjibu kwa kidole gumba.

Sasa turudi kwako. Umesema wajukuu wanalala chumba cha nyuma chenye dirisha dogo, na usiku baridi ya juu huko inawafanya waingize jiko la mkaa ndani. Mkuu, toa hilo jiko leo. Moshi wa mkaa usioonekana unaumiza kichwa, unaleta maruweruwe, na unaua familia nzima wakiwa wamelala. Kabla ya kuita mtu kutoka Uingereza panda pia darini uangalie popo, na ugonge mbao za sakafu uone zinavyolia baridi ikiingia. Hapo ndipo namkumbuka yule Wiseman na kasri lake: watu walihisi kitu kweli, ila huenda kilichowafanya wahisi kilikuwa mahali penyewe.

La pili nakuuliza tu, usinijibu hapa hadharani. Hicho kihamba kilitakiwa kurithiwa na kitinda mimba, na umeandika kwamba baba mdogo yuko Dar na hajafika huko tangu msiba wa babu. Mnapokutana Desemba huwa mnaongea nini usiku? Hatua zinazosikika zinaanza kabla au baada ya hayo mazungumzo?

Kama binamu yako ameshalipa tiketi na hamwezi kuwazuia, waje, ni wageni, watembezwe. Ila kwanza baba mdogo arudi, akae na wazee wa ukoo, wao ndio waseme kama babu yenu amekwama au amekasirika, na nani azungumze naye, kwa lugha gani. Mbege si ya kununua asubuhi ya siku yenyewe. Ndizi zivundikwe zaidi ya wiki kabla, zichemshwe, zikae, ulezi uoteshwe na kusagwa, na msesewa, lile gome chungu la mti, msizidishe. Shangazi yako wa kule juu atajua kiasi. Mpigie mapema, maana Desemba kila mtu anamtaka.